Nyumba Inauzwa, na Mimi Nimo Ndani

Wakala wa nyumba alipokuja kunipa habari, alivua viatu mlangoni bila kuombwa, nikajua habari zenyewe si nzuri. Siku zote alikuwa akiingia navyo, anapiga picha pembe za dari na chini ya sinki, anaandika kitu kwenye simu, anaondoka. Alikuwa kijana mdogo, suti imembana mabegani. Kwetu Tanga tungemwita dalali na tungemzoea. Hapa Sydney anaitwa wakala na tunamwogopa.

"Mwenye nyumba ameamua kuuza," alisema, akiwa amesimama katikati ya sebule na soksi zake. "Si kwa sababu yako. Wewe ni mpangaji mzuri sana."

Nikamuuliza kama mpangaji mzuri anauzwa pamoja na nyumba. Nilikuwa nauliza kweli, maana sheria sikuijua. Yeye alidhani natania, akacheka.

Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali mekundu huko Granville, vyumba viwili, mtaa mmoja kutoka kwenye gereji za kunyoosha mabodi ya magari. Mwanzoni treni zilikuwa zinatuamsha, baadaye tukawa hatuzisikii tena. Tuliishi hapo mimi na binti yangu wa miaka kumi na minne. Mwenye nyumba sikuwahi kumtia machoni. Nilijua tu kwamba anakaa jimbo jingine na kwamba hana haraka ya kutengeneza vitu, kwa sababu jiko lilikuwa na pleti nne na zilizokuwa zinawaka ni mbili tangu siku tuliyohamia.

Nieleze kidogo tulivyofika pale. Nilipoachana na baba wa binti yangu, tulikwenda Macquarie Fields kwa rafiki yangu mmoja Mkenya, nesi, ambaye nilifahamiana naye kwenye nyumba ya kulea wazee nilikokuwa nafanya kazi jikoni. Alitupa sebule yake na wala hakuuliza tutaondoka lini. Lakini sebule ya mtu ni sebule ya mtu. Nikaenda ofisi ya makazi nikiwa nimejiandaa kuambiwa kwamba foleni ya nyumba za serikali ni ndefu, na kweli ilikuwa ndefu. Ila afisa aliyenihudumia, mama mmoja aliyening'iniza miwani kifuani, aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu ndoa ivunjike: nataka kuwa nani. Nikamwambia nataka kuwa nesi, kwamba nimekwisha kubaliwa kwenye kozi, ila siwezi kusoma na kulipa kodi ya Sydney kwa wakati mmoja. Akaacha kuandika, akanieleza habari za ruzuku.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Unatafuta nyumba mwenyewe, sokoni, kama watu wengine wote. Ukipata mwenye nyumba anayekukubali, serikali inamlipa sehemu ya kodi na wewe unalipa iliyobaki. Kadiri unavyosonga mbele kwenye masomo na kazi, sehemu ya serikali inapungua na yako inakua, mpaka siku unabeba yote. Si nyumba ya serikali. Ni nyumba ya mtu binafsi, na mtu binafsi anaweza kukukataa. Mimi nilikataliwa mara nyingi mpaka nikazoea sauti wanayotumia, ile ya upole wa ghafla baada ya kusikia neno serikali. Nyumba ya Granville ndiyo ya kwanza kusema ndiyo, na nadhani ilisema ndiyo kwa sababu ya lile jiko, ambalo wapangaji wengine hawakulitaka.

Sasa nyumba hiyo ndiyo inauzwa. Nilipiga simu kwa watu wanaowashauri wapangaji, wakanieleza vizuri. Mkataba wangu wa mwanzo ulikuwa umekwisha na nilikuwa naendelea tu bila tarehe. Mnunuzi akitaka kuhamia mwenyewe, nitapewa muda mfupi wa kuondoka. Mnunuzi akitaka kupangisha, anaweza kunichukua kama nilivyo. Kozi yangu ilikuwa imebaki muhula mmoja na mazoezi ya hospitalini. Kuanza upya kutafuta nyumba, kuanza upya kukataliwa, katikati ya mazoezi, kungeivunja kozi. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Nyumba ingeuzwa kwa mnada, na kabla ya mnada watu wangekuja kuitazama siku za Jumamosi. Jumamosi ya kwanza nilifanya kama wakala alivyonishauri. Nilisafisha, nikamchukua binti yangu, tukaenda kukaa kando ya mto Parramatta tukala chipsi. Tuliporudi, kabati langu la nguo lilikuwa wazi. Mkeka wangu wa kuswalia ulikuwa umesukumwa chini ya kitanda, na alama ya kiatu ilionekana pembeni yake. Choo kilikuwa kimetumika. Niliosha choo, nikafua mkeka, halafu nikampigia rafiki yangu wa Macquarie Fields.

"Jumamosi ijayo sitoki," nikamwambia.

"Ati hutoki? Hao watu wako na ruhusa ya kuona hiyo nyumba."

"Waione. Na mimi wanione."

"Wacha mchezo, dada. Mtu akikuja kununua nyumba hataki kupata wenyewe wamekaa ndani. Anataka kujifanya ni yake tayari."

"Mimi si mwenyewe. Mimi ni mpangaji."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi!" akasema, na tukacheka wote wawili. Lakini kabla ya kukata simu aliniuliza kama nataka aje tukae pamoja. Nikamwambia hapana, aje siku ya mnada.

Jumamosi iliyofuata nilivaa gauni langu la kitenge la bluu, nikachemsha chai ya tangawizi, nikakaa jikoni mlango ukiwa wazi. Wakala alipoingia na mabango yake alisimama ghafla.

"Ulisema ungekuwa nje," alisema.

"Wewe ndiye uliyesema," nikamjibu. "Kisheria naruhusiwa kuwa kwangu. Sitawasumbua watu wako."

Watu walianza kuingia. Haikunichukua muda kuwatofautisha. Walikuwapo waliokuja na futi kamba, wanapima dirisha, wanabishana kitanda kitakaa upande gani. Hao nyumba walikuwa wanaitaka kwa ajili ya kuishi, na sikuwa na la kuwaambia zaidi ya karibuni. Walikuwapo wengine ambao hawakupima chochote, wanagonga ukuta, wanamuuliza wakala kwa sauti ya chini kodi inaingia kiasi gani. Hao ndio nilikuwa nawangoja. Nilisimama, nikawasalimia, nikawaambia mimi ndiye ninayelipa hiyo kodi, waniulize.

Wengi walitabasamu na kupita. Wazee wawili, mume na mke, hawakupita. Walikuwa na duka la mikate Lidcombe maisha yao yote ya kazi, na sasa walikuwa wameliuza wakitafuta mahali pa kuweka pesa. Mke ndiye aliyekuwa msemaji. Alikubali kikombe cha chai, akakaa.

"Umekaa hapa muda gani?"

"Zaidi ya mwaka. Nataka kuendelea."

"Nyumba ina matatizo?"

Wakala alikuwa amesimama mlangoni. Niliona akitikisa kichwa kidogo sana.

"Jiko, pleti mbili hazifanyi kazi," nikasema. "Na mvua ikinyesha kwa nguvu, maji yanaingia chumba cha kufulia. Si mengi. Nayafyonza kwa taulo. Mengine yote ni mazuri. Jua la asubuhi linaingia jikoni, na majirani ni watu."

Mke alimtazama mumewe. Kisha akauliza lile swali lenyewe, kwamba kodi nalipaje. Nikamwambia bila kuzunguka: sehemu naitoa mimi kwenye mshahara wangu, sehemu inatolewa na serikali mpaka nimalize unesi.

"Serikali," akarudia, na sauti yake ikaanza kuwa ile ya upole.

"Ndiyo, serikali," nikasema. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa kizuri kwa wagonjwa kuliko kwa matajiri, lakini siku ile kilinitii. "Mama, fikiria. Mpangaji mwingine akiumwa, kodi yote inaumwa. Mimi nikiumwa, nusu ya kodi yako haijui hata kama naumwa. Inafika tu. Na nusu yangu haijawahi kuchelewa, muulize huyu kijana."

Wote tukamgeukia wakala. Masikini, hakuwa na pa kujificha. "Ni kweli," akasema. "Haijawahi."

Walipoondoka, mzee mume alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wakala alisubiri nyumba iwe tupu, akaja jikoni uso umemwiva.

"Umewaambia habari za maji!"

"Waliniuliza."

"Mimi nauza nyumba hapa."

"Najua," nikasema. "Wewe unaitafutia nyumba mnunuzi. Mimi najitafutia mwenye nyumba. Kunywa chai, bado ya moto."

Hakunywa. Lakini hakunikataza tena kukaa.

Binti yangu alikuwa chumbani kwake muda wote ule, na kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Jioni tulikunja nguo pamoja. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza, hivyo ndivyo tunavyoishi. Akaniuliza kwa nini niliwaambia watu nisiowajua kwamba tunasaidiwa. Alisema sasa kila anayepita getini anajua sisi ni watu gani.

"Ni watu gani?" nikamuuliza.

Akainua mabega. "Poor, Mum. Watu maskini."

Neno maskini alilisema kwa Kiswahili, na nadhani ndilo lililoniuma. Nikaweka shuka chini.

"Treni unayopanda kwenda shule, serikali inalipia sehemu ya tiketi ya kila mtu aliyemo," nikamwambia. "Yule mwenye laptopu na yule anayesinzia, wote. Umewahi kuona mtu anajificha kwa aibu ndani ya treni?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Akafikiria. Huwa hanijibu ilimradi amejibu, na hilo nalipenda kwake. "Kwenye treni hawakuulizi," alisema. "Sisi wanatuuliza."

Nikamwambia ni kweli, kuulizwa kunachosha. Kisha nikamwambia kwamba mtu akiniuliza nami nikanong'ona, atadhani nimeiba, kwa hiyo sitanong'ona. Alichukua upande wake wa shuka tukakunja. Hakusema amekubali.

Jumamosi ya mnada mtaa ulijaa. Hapa kwenye mnada watu wanakuja kama kwenye mpira, hata wasio na nia ya kununua. Majirani walitoka na watoto, wengine na mbwa. Rafiki yangu alifika na chupa ya chai na kiti cha kukunja, akakikunjua kwenye baraza yangu kama mtu aliyelipia tiketi.

"Wako wapi wale wako?" akaniuliza.

Nikamwonyesha wazee wa mikate, wamesimama karibu na sanduku la barua. Mke alinipungia mkono. Moyo ukatulia. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nyumba ni yao, hata nilikuwa nimekwisha panga nitakavyowakaribisha siku ya kwanza.

Mnadishaji alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kuhutubia. Aliisifu nyumba yangu mpaka nikatamani kuinunua. Bei ikaanza. Wazee walitaja, kijana mmoja na mkewe mjamzito wakapandisha, wazee wakapandisha tena. Mke mjamzito nilimkumbuka, alikuwa amepima dirisha la chumba cha binti yangu. Bei ikapanda, ikapanda, halafu mzee mume akamnong'oneza mkewe, mkewe akatikisa kichwa, na mikono yao ikabaki chini. Yule mama alinitazama mara moja, akaangalia pembeni.

"Wameachia," rafiki yangu akasema. "Ngai. Wameachia."

Mnadishaji akainua mkono kumhesabia yule kijana. Moja. Mbili. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa ameegemea uzio, nguo za kazini zenye mistari ya kung'aa, buti zina vumbi, akataja bei kubwa zaidi kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai. Kijana akamtazama mkewe, akapandisha kidogo. Mwanamke akapandisha sana. Kijana akatikisa kichwa, nyundo ikagonga.

Sikuwahi kumwona. Wakala alinieleza baadaye kwamba alikuja ile Jumamosi ya kwanza, siku tuliyokuwa mtoni tunakula chipsi. Maneno yangu yote ya jikoni, chai yote ile, vilikwenda kwa watu ambao hawakununua nyumba.

Walimwingiza ndani kusaini kwenye meza yangu, maana hapakuwa na meza nyingine. Rafiki yangu alinishika mkono. "Ongea na yeye sasa hivi," akasema. "Sasa hivi, dada, kabla hajaenda."

Nilingoja amalize kusaini. Nikamwekea kikombe mbele yake, nikakaa bila kuambiwa kaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, dereva wa malori ya mizigo, mikono imara.

"Hongera," nikasema. "Mimi ndiye mpangaji. Una mpango gani na nyumba?"

"Iwe tupu," akajibu. "Nipake rangi, nipandishe kodi, nipangishe."

Alikuwa mkweli, na mtu mkweli unaweza kufanya naye biashara. Nikamwambia kila wiki ambayo nyumba ni tupu ni wiki ambayo hakuna anayemlipa, na benki haitasubiri rangi ikauke. Nikamwambia apake rangi nikiwa ndani, chumba kimoja kimoja, nitahamisha vitu mwenyewe. Nikamweleza ruzuku. Hakuwa na ile sauti ya upole. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ikiisha?"

"Ikiisha nitakuwa nesi. Nitalipa yote."

"Na usipokuwa nesi?"

"Nitakuwa," nikasema. Akanywa chai.

Halafu tukaanza kuvutana. Alitaka kodi ipande. Nikamwambia inaweza kupanda kidogo, si sana, kwa sababu ofisi inaangalia nyumba za jirani na haiwezi kukubali kodi isiyolingana nazo, na mimi mwenyewe siikubali kabla jiko halijabadilishwa. Akaenda kulitazama jiko, akawasha pleti moja moja, akatukana. Wakala, ambaye alikuwa anakusanya karatasi zake, akasema bila kuombwa: "Huyu aliwaambia watu wote kuhusu maji ya chumba cha kufulia."

Yalikuwa manung'uniko, lakini mwanamke aliyachukua vingine. "Niliona alama ya maji ukutani siku ya kwanza," akasema. "Hakuna mtu aliyeniambia." Akanigeukia. "Mwaka mmoja. Jiko jipya. Tutaona."

Rafiki yangu alikuwa dirishani muda wote. Alipiga kigelegele ambacho mbwa wa jirani walikijibu.

Ofisi ya makazi ilikubali mkataba mpya baada ya maswali mengi na kusubiri kwingi. Yule afisa wa miwani alisema ni mara ya kwanza kusikia mpangaji aliyemfanyia usaili mwenye nyumba. Jiko lilikuja. Mwenye nyumba akaja mwenyewe siku zake za mapumziko kupaka rangi, akachagua kijani kibichi cha hospitali ya zamani. Nilimwambia ni kibaya. Akasema nyumba ni yake. Katika hilo alinishinda, na kijani kile ndicho tunachokitazama mpaka leo tukila.

Nilimaliza kozi. Nilipopata kazi wodini, sehemu ya serikali ilipunguzwa, kisha ikapunguzwa tena, na kila ilipopungua nilikuwa nimejiandaa. Kuna miezi tuliyokula maharage zaidi ya tulivyopenda. Binti yangu alianza kufanya kazi Jumamosi kwenye duka la maua, kwa ajili ya mambo yake mwenyewe. Siku moja nilimsikia akimwelekeza rafiki yake wa shule kwa simu jinsi mama wa rafiki huyo anavyoweza kuomba ruzuku, aanzie ofisi gani, aseme nini. Alikuwa hanong'oni. Nilipita korido nikaendelea na shughuli zangu.

Mwezi wa kwanza nilipolipa kodi yote peke yangu nilidhani nitasikia kitu kikubwa. Nilikuwa zamu ya mchana. Nilibonyeza simu kwenye jukwaa la stesheni, pesa ikaenda, treni ikaja, nikapanda. Wodini palikuwa na mgonjwa mpya aliyekataa kula, na mchana wote ulikwisha nikimbembeleza anywe supu.